Kufuta Nako ni Kusoma: Ushairi wa Wino Mweusi na Walinzi wa Mlango

Utangulizi

Mjadala mintarafu ya kile kinachostahili kuitwa shairi haujapata kulala katika uhakiki wa Kiswahili. Tangu Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kutokea mwaka 1974, wahakiki wamesimama katika kambi mbili, na kila kambi imekuwa na hakika kwamba nyingine inaiua fasihi. Mulokozi na Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, waliwatilia nguvu wanamabadiliko, lakini ugomvi haukukoma. Leo mtahiniwa wa shule ya upili nchini Kenya huulizwa maswali juu ya mashairi ya arudhi na juu ya mashairi huru vilevile, na mtazamaji wa mbali angedhani kwamba maji yametulia.

Hayajatulia. Katika baadhi ya madarasa ya fasihi kumeingia zoezi ambalo limezifufua hasira zile zile. Mwalimu huwapa wanafunzi ukurasa uliokwisha kuchapishwa, aghalabu wa gazeti kuukuu. Mwanafunzi huusoma, huchagua maneno machache na kuyazungushia mstari, kisha huyapaka wino mweusi maneno yote yaliyosalia. Yale aliyoyaacha wazi, yakisomwa kwa mpangilio wake kutoka juu hadi chini, ndiyo shairi lake. Makala haya yataliita zao hilo ushairi wa kufuta.

Zoezi hili limepokewa kwa namna mbili. Wako walinzi wa mlango wa ushairi, ambao husema kwamba asiyetunga neno hawezi kuitwa mtunzi, na kwamba mchezo huu haufai kupewa hata saa moja ya kipindi. Wako pia washangiliaji, ambao husema kwamba hatimaye imepatikana njia ya kumfanya kila mwanafunzi awe mshairi kabla ya kengele ya mapumziko. Makala haya yanashikilia kwamba hukumu ya walinzi ni ya woga na shangwe za washangiliaji ni za uvivu. Ushairi wa kufuta una nafasi halali katika darasa la Kiswahili, tena nafasi kubwa kuliko ile uliyo nayo katika darasa la Kiingereza ulikotoka. Lakini nafasi hiyo ni ya kufunza usomaji, na ina masharti yake.

Asili ya zoezi

Ni vyema kwanza kuondoa dhana kwamba jambo hili lilizuka juzi. Mwaka 1920 Tristan Tzara alieleza jinsi ya kutunga shairi kwa kukata maneno ya gazeti, kuyatia katika mfuko na kuyatoa moja moja kama yatakavyokuja. Hiyo ilikuwa dhihaka dhidi ya utunzi wenyewe, kwa kuwa aliyechagua maneno ni bahati. Mwaka 1966 msanii Mwingereza Tom Phillips alinunua kwa peni tatu riwaya ya W. H. Mallock iliyochapishwa mwaka 1892, akaanza kuzichora kurasa zake moja baada ya nyingine, akiacha maneno machache tu yaonekane. Aliiita kazi hiyo A Humument, naye aliirudia na kuirekebisha kwa miaka hamsini hadi toleo la mwisho la 2016. Mwaka 1977 Mmarekani Ronald Johnson alitoa Radi os, aliyoipata kwa kufuta sehemu kubwa ya utenzi maarufu wa Milton. Mwaka 2010 Austin Kleon, Mmarekani mwingine, alichapisha mkusanyo wa mashairi aliyoyapata kwa kufuta magazeti kwa kalamu ya wino mzito, na ndiyo njia yake iliyoingia kwa wepesi katika shule za Marekani na kwingineko.

Kazi iliyo nzito kuliko zote hizi ni Zong! ya M. NourbeSe Philip, iliyotoka mwaka 2008. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Tobago anayeishi Kanada na aliyepata kuwa wakili, alichukua hukumu fupi ya mahakama ya Uingereza ya mwaka 1783 kuhusu meli iitwayo Zong. Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, mabaharia wa meli hiyo waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130 waliokuwa wakisafirishwa utumwani, na wenye meli wakadai fidia ya bima kana kwamba waliotoswa ni shehena. Philip alijifungia ndani ya maneno ya hukumu hiyo. Hakujiruhusu neno la nje. Aliyafuta, akayatawanya, kisha akayavunja maneno yenyewe hadi vipande vyake vikatoa majina na sauti za lugha nyingine, Kiyoruba kikiwa mojawapo. Anayesema kwamba kufuta ni mchezo wa watoto hajaisoma kazi hiyo.

Dai la kwamba asiyeongeza neno hajatunga

Hoja kuu ya walinzi ni kwamba mwanafunzi hakuleta neno hata moja lililo lake. Hoja hii inadhani kwamba malenga wa jadi alikuwa akiumba maneno. Malenga hakuumba maneno. Alichagua katika maneno yaliyokuwapo, na arudhi ilimbana katika uchaguzi huo hata pengine alibaki na maneno mawili au matatu tu yaliyoweza kuingia katika kipande cha mizani minane na kukubaliana na kina. Ushairi wa mapokeo ni sanaa ya kukataa maneno. Walinzi wa mapokeo wangepaswa kuwa wa kwanza kulitambua hilo.

Zaidi ya hayo, mapokeo yenyewe yaliruhusu kufuta waziwazi. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne amefundishwa kutaja inkisari miongoni mwa mifano ya uhuru wa mshairi: neno likizidi mizani, mshairi hulipunguza, na “nimeona” ikawa “meona”. Hicho ni nini ila kufuta silabi? Mshairi wa arudhi ana ruhusa nyingine pia. Anaweza kulirefusha neno kwa mazida, anaweza kuibadili herufi kwa tabdila, anaweza kuiboronga sarufi na kumweka mtendaji nyuma ya kitenzi ili kina kipatikane. Mfutaji hana hata mojawapo ya ruhusa hizi isipokuwa ile ya kwanza. Hawezi kulihamisha neno lililo chini ya ukurasa akalipandisha juu. Hawezi kuongeza silabi. Kwa kipimo cha walinzi wenyewe, ambao huusifu ushairi kwa ugumu wa masharti yake, zoezi hili lina sharti gumu kuliko baadhi ya yale wanayoyatetea.

Kuhusu kutunga juu ya maneno ya mwingine, mapokeo hayana haya yoyote. Takhmisi ni bahari nzima iliyojengwa juu ya kazi ya mtangulizi: mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake na kuiongezea mitatu, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, imeheshimiwa kwa vizazi, wala hapana aliyewahi kuuliza kwa nini Sayyid hakuanza na ukurasa mtupu. Ni kweli kwamba takhmisi huongeza ilhali ushairi wa kufuta hupunguza. Lakini yote mawili yanamtaka mtunzi awe kwanza msomaji makini wa mwingine, kwa sababu asiyeielewa mishororo miwili ya asili hawezi kuitangulia kwa mitatu, na asiyeuelewa ukurasa hawezi kujua ni wapi unapovunjika.

Yafaa pia kukumbuka jinsi msomaji wa pwani alivyosoma kabla ya hati za Kirumi kutawala. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu yalitumia alama tatu za irabu kwa irabu tano za lugha, na mara nyingi nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa. Msomaji wa Lamu au wa Mvita alikuwa akikamilisha mwenyewe kile ambacho karatasi haikukisema, akiongozwa na kina, na mizani, na maarifa yake ya lugha. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua na kumfikia W. E. Taylor; waliyoyahifadhi walikuwa watu waliozoea kusoma penye mianya. Utamaduni ulioshi hivyo hauwezi kutishwa na ukurasa wenye mapengo.

Kiswahili hakifutiki kama Kiingereza

Hapa ndipo penye kiini cha hoja, na ndipo walinzi na washangiliaji wanapokosea kwa pamoja. Wote wanadhani kwamba zoezi hili ni lile lile katika kila lugha. Sivyo. Kiingereza hakina ngeli. Mfutaji wa Kiingereza akilifuta jina, kitenzi na kivumishi vilivyosalia havisemi sana jina hilo lilikuwa la namna gani. Katika Kiswahili jina huacha alama yake katika kila neno linaloandamana nalo. Ukilifuta jina, upatanisho wa kisarufi hubaki ukilishuhudia.

Chukua tangazo lifuatalo. Halikutolewa na ofisi yoyote. Limebuniwa hapa kwa ajili ya mfano, ingawa msomaji wa magazeti atakitambua Kiswahili chake:

“Wakazi wote wa mtaa huu wanaarifiwa kwamba vibanda vilivyojengwa kando ya reli bila ya kibali vitaondolewa kabla ya mwisho wa mwezi. Serikali haitawajibika kwa mali yoyote itakayopotea au kuharibika. Watakaokaidi amri hii watachukuliwa hatua za kisheria.”

Mwanafunzi mwangalifu aweza kuyafuta mengi ya maneno haya, na hata silabi za ndani ya maneno, akabaki na yafuatayo kwa mpangilio ule ule:

Wakazi wote
wana   fiwa
vilivyojengwa
vita
kabla ya mwisho
Serikali
itakayopotea
wata   liwa

Mhakiki na azingatie kilichotendeka. Katika “wanaarifiwa” mwanafunzi amezifuta herufi tatu za katikati, na wakazi waliokuwa wakipewa habari sasa wanafiwa. Mwalimu anayeijua kazi yake atamwuliza darasani kwa nini maneno hayo mawili yana mwisho mmoja ilhali kauli zake ni mbili: “arifiwa” ni kutendwa kwa “arifu”, na “fiwa” ni kutendewa kwa “fa”. Hilo ni somo la mnyambuliko ambalo mwanafunzi hatalisahau, kwa sababu amelipata kwa mkono wake.

Katika “vitaondolewa” mwanafunzi ameubakiza mwanzo tu wa kitenzi. Kiambishi cha ngeli na kiambishi cha wakati ujao, vikiachwa peke yake, vimekuwa nomino: vita. Neno hilo lilikuwamo ndani ya tangazo tangu mwanzo, na halikuonekana. Katika “watachukuliwa” silabi zilizofutwa ni “chuku”, neno ambalo wahakiki hulitumia kuitaja tamathali ya kutia chumvi. Tangazo likiisha kuondolewa chuku, kinachobaki ni kwamba watu wataliwa.

Kilicho kikubwa zaidi ni “Serikali itakayopotea”. Katika tangazo, kirejeshi hicho ni cha mali. Mali na serikali, hata hivyo, hupatanishwa kwa kiambishi kile kile katika umoja, na mwanafunzi alipoyafuta maneno yaliyokuwa kati yake, kirejeshi kikahama na kumshika mwenye kutoa amri. Hakuongeza neno. Hakubadili herufi. Sarufi ya Kiswahili yenyewe ndiyo iliyompa njia. Mwanafunzi aliyeliona hilo ameufahamu upatanisho wa kisarufi kuliko yule aliyekariri jedwali la ngeli usiku kucha.

Na angalia “vilivyojengwa”. Vibanda vimefutwa, lakini “vi” mbili zimebaki. Msomaji anauliza: ni nini hivyo vilivyojengwa? Yaweza kuwa vyumba, vitalu, vituo, vizazi. Mwanafunzi mwenye ari ya siasa aweza kupendekeza kwamba “vitaondolewa” ingeachwa nzima ili ielekee viongozi. Sarufi itamzuia. Neno “viongozi” lina umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa linataja watu, upatanisho wake ni wa A-WA: viongozi huondolewa kwa “wa”. Akishikilia “vi” yake, atakuwa amewashusha viongozi hadi daraja la vitu, na hapo yampasa aseme kama amekosea au amekusudia kudunisha. Mjadala wa namna hiyo juu ya kiambishi kimoja ndio uhakiki wa lugha ambao idara za Kiswahili zimekuwa zikilalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawauwezi.

Kwa nini hawauwezi? Kwa sababu katika shule nyingi shairi limegeuzwa kuwa maiti ya kupimwa. Mwanafunzi huhesabu mizani, hutaja vina vya ukwapi na vya utao, huitaja bahari, huandika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari, kisha hufunga daftari. Mambo hayo yote ni ya lazima na makala haya hayayadharau. Lakini mwanafunzi huyo huyo, akiisha kupata alama zake zote, hupita mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani akaliamini neno kwa neno. Amefundishwa kwamba lugha yenye tabaka za maana iko katika shairi peke yake, na kwamba kwingineko kote maneno hayana hila. Ushairi wa kufuta humwonyesha kwamba lugha ya ofisi nayo ina fani, ina chuku, ina mahali pa kujificha. Tazama “haitawajibika”: kitenzi kizima kimetumika kusema kwamba hakuna atakayejibu.

Wino wa mfungwa na wino wa mfunga

Ipo hoja nyingine dhidi ya zoezi hili ambayo walinzi huitaja kwa nadra, ingawa ndiyo nzito kuliko zote walizonazo. Wino mweusi juu ya maandishi ni chombo cha mdhibiti. Nchini Kenya jambo hili si sitiari. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, maofisa wa kikoloni walichoma sehemu ya majalada yao na kuyasafirisha mengine hadi Uingereza. Ni mwaka 2011 tu, katika kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, ambapo serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada hayo yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, kutoka 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu kwenye karatasi za aina hiyo hiyo katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Katika nchi ambayo watu walifichwa kalamu hivyo, kumpa mtoto kalamu ya kufutia ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Hoja hii inastahili jibu, na jibu limo katika tofauti baina ya kufuta kunakojificha na kufuta kunakojionyesha. Mdhibiti hutaka msomaji asijue kwamba kulikuwa na kitu. Jalada lililochomwa halina weusi, halipo tu. Mwanafunzi, kwa upande wake, hutundika weusi wake ukutani, kila mtu akaona ni kiasi gani kimefutwa na ni wapi. Akitakiwa auweke ukurasa wa asili kando ya ule aliouchora, basi hakuna kilichopotea: matini mbili zinasomwa pamoja, na pengo lililo baina yake ndilo linalojadiliwa. Philip hakuificha hukumu ya 1783. Aliichapisha nzima mwishoni mwa kitabu chake.

Lakini jibu hilo linaleta wajibu. Ikiwa haki ya zoezi hili inatokana na kwamba mnyonge amempokonya mwenye nguvu kalamu, basi haliwezi kufanywa juu ya ukurasa wowote ule. Kuufuta ukurasa wa Sauti ya Dhiki ni kumrudisha mshairi gerezani. Kuyafuta mashairi ya Muyaka, ambayo yameponea vifuani mwa watu kwa nusu karne kabla ya kuandikwa, ni utovu wa adabu, na ni upuuzi wa kitaaluma pia: ushairi uliokwisha kubanwa na mizani hauna mafuta ya kupunguzwa. Kinachofaa kufutwa ni maandishi mapana, yenye maneno mengi na mamlaka mengi: tangazo, hotuba, hukumu, taarifa ya habari, tangazo la biashara, utabiri wa hali ya hewa, hata maagizo yaliyo juu ya karatasi ya mtihani.

Washangiliaji nao

Washangiliaji wameyasikia haya yote nusu nusu. Wamelichukua zoezi pamoja na karatasi zake kutoka madarasa ya Kiingereza, wakalitia katika kipindi cha Kiswahili bila ya kulipima. Matokeo yake yanatabirika. Mwanafunzi huambiwa atafute “maneno mazuri”. Huokota “upendo”, “nyota”, “ndoto” na “moyo”, kisha hutumia dakika thelathini kuchora maua penye nafasi iliyobaki. Upatanisho umevunjika kila mstari, na hakuna anayemwuliza. Hutuzwa alama kwa rangi. Huo si ushairi wala si usomaji, nao ndio unaowapa walinzi silaha.

Kibaya zaidi ni kaulimbiu ya kwamba kila mtoto ni mshairi. Malenga ni jina ambalo jamii za pwani zilimpa mtu baada ya kumsikiliza kwa muda mrefu. Mwanafunzi aliyefuta ukurasa mmoja hajawa malenga, kama vile aliyepiga hesabu moja hajawa mhandisi. Zoezi hili haliwezi kuchukua nafasi ya kufundisha arudhi, na mwalimu anayelitumia ili kuikwepa arudhi kwa kuwa haijui vyema anawadanganya wanafunzi wake mara mbili. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupigana na kipande cha mizani minane hatajua kwamba kupunguza ni kazi. Atadhani ni nafuu.

Hatari hii ni kubwa wakati huu. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umeutaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Walimu wanatakiwa waonyeshe kazi za ubunifu za wanafunzi, tena kwa haraka, katika madarasa yaliyojaa. Ushairi wa kufuta una kishawishi kikubwa: hauna gharama, una sura ya kupendeza ukutani, na kila mwanafunzi atakuwa na kitu cha kuonyesha. Usipopewa masharti sasa, utakuwa ndio njia ya kujaza ukuta, na baada ya miaka michache watahini wataulizia istilahi zake kama wanavyoulizia za inkisari na mazida, bila ya mtu kujua ulikuwa wa nini.

Masharti yenyewe si mengi. Kabla ya kufuta, mwanafunzi asome matini nzima na aeleze kwa maandishi inasema nini, imesemwa na nani, na inamtaka nani afanye nini. Baada ya kufuta, kila kiambishi kilichosalia kiwe na jina la kupatana nalo, au mwanafunzi aeleze kwa nini amekiacha yatima. Atetee aliyoyafuta sawasawa na aliyoyaacha, kwa kuwa katika zoezi hili uamuzi mwingi ni wa kufuta. Matini ya asili ihifadhiwe na ionyeshwe pamoja na zao lake. Wala vitabu vya kiada visiguswe: tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikivipeleka shuleni kwa fedha za umma, na mwanafunzi atakayekuja mwaka ujao ana haki ya kuukuta ukurasa ukiwa mzima. Gazeti lililokwisha kufungia nyama linatosha, na asiye na kalamu ya wino mzito ana mkaa jikoni kwao.

Hitimisho

Walinzi wa mlango wa ushairi walikosea kuhusu shairi huru, nao wamekwisha kulikubali kimyakimya, kwani hakuna idara ya Kiswahili nchini ambayo leo inamfundisha mwanafunzi wa uzamili ushairi wa kisasa bila ya kumtaja Kezilahabi, au bila ya kuzungumzia jinsi Kithaka wa Mberia alivyoupanga ukurasa katika Mchezo wa Karata mwaka 1997. Wakati ule waliuliza swali lisilofaa: je, hili ni shairi? Swali hilo lilikula miaka ishirini ya uhakiki ambayo ingetumika kusoma mashairi. Sasa wanaliuliza tena juu ya karatasi za wanafunzi.

Swali linalofaa ni lile la mwalimu: mwanafunzi aliyelifanya zoezi hili ameiona nini katika lugha yake ambacho hakukiona jana? Zoezi likifanywa ovyo, hajaona kitu, na walinzi watakuwa wamesema kweli kwa sababu zisizo zao. Likifanywa kwa masharti yaliyotajwa, ameona kwamba kiambishi hubakia baada ya jina kuondolewa, kwamba kirejeshi kinaweza kumgeukia mwenye kutoa amri, na kwamba ndani ya neno la kuwaarifu watu yaweza kuwamo habari ya msiba wao. Idara zinazojadili iwapo kazi za namna hii zipokewe katika kozi za utunzi zisifungue mjadala huo kwa fasili ya shairi. Zianze kwa kuzisoma kazi zenyewe, ukurasa wa asili ukiwa kando, na kuwataka wanafunzi wajieleze.